Tundu Kwenye Paji la Uso wa Jenerali

Nyinyi wawili mnaochukua funguo za duka mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijaondoka. Mnanicheka nikisema nimestaafu, kwa sababu sina hata mvi moja. Chekeni. Mtu aliyeuza santuri Old Kampala tangu Wahindi walipofukuzwa mpaka wanajeshi walipokimbia amefanya kazi ya maisha mazima, na ana haki ya kuketi. Habari za mshahara nitaziruka, maana hamtaziamini. Za vyeo pia, kwa sababu tulikuwa watatu tu na vyeo vyote vilikuwa vya Mama Zaituni. Nitasema juu ya majalada.

Atakayewaambia kwamba duka la santuri linauza muziki hajawahi kusimama nyuma ya kaunta. Muziki mtu anausikia bure akipita mtaa wa Bwaise mbele ya baa yoyote. Tunachouza ni jalada, kile kipande cha kadibodi ambacho mteja hukishika kwa mikono miwili, hukigeuza, hukipeleka kwenye mwanga wa mlango, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Hii picha ina maana gani?" Hasa majalada ya roki. Jalada la rumba lina mwanamuziki na gitaa lake, basi. La roki lina mlango katikati ya bahari, au mtoto aliyeshika kichwa cha samaki, na hakuna maelezo. Wazungu wanaochora vitu hivyo hawakujua vitakuja kuangaliwa katika mji ambao watu walikuwa wamezoea kusoma kila kitu mara mbili: gazeti, sura ya jirani, gari lililoegeshwa bila namba.

Nilifika dukani moja kwa moja kutoka chuo kikuu. Nilikuwa nimesoma falsafa. Mwalimu wangu wa falsafa alivuka mpaka katikati ya muhula bila kuaga, tukamalizia masomo kwa kusomeana. Baba yangu, askari polisi kutoka Lira, alimjua Mama Zaituni, mke wa sajini mwenzake kutoka Arua. Mama huyo alikuwa amegawiwa duka la santuri lililoachwa na wenyewe Wahindi. Alitaka duka la vitambaa. Akapewa santuri.

Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akaanza kwa Kiswahili chake cha kambini, ambamo kila mtu ni "na".

"Wewe nasoma nini huko juu?"

"Falsafa, Mama."

"Hiyo nafanya nini?"

"Inauliza maswali."

"Kale, sawa. Hapa wateja nauliza. Wewe najibu." Akanipa kitambaa. "Anza na vumbi."

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Wafula, Mkenya kutoka Bungoma, fundi wa gramafoni aliyekuwa hapo tangu enzi za wenye duka wa zamani. Alinifundisha kuishika santuri kwa ukingo, viganja vikiielekea kama mtu anayeomba. Alinifundisha kuiinamisha kwenye mwanga ili mikwaruzo ijitokeze, na kuiosha kwa sabuni kidogo na pamba, kufuata mifereji, kamwe si kuikata. Alinionyesha sindano iliyochoka inavyosikika: herufi "s" zinaanza kutema mate. Hayo yote bado ni kweli, na nimewaachia sindano kumi na mbili kwenye kopo la chai. Msimpe mtu.

Lakini Wafula aliamini kila kitu. Aliamini kwamba kuna albamu ukiizungusha kinyumenyume kwa kidole utasikia ujumbe. Nilimwambia ni upuuzi, na kwamba anaua sindano. Akaizungusha. Tukaweka masikio. Yeye akasikia sauti inayomwambia arudi nyumbani, kwa Kibukusu safi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa dukani akasikia Kiingereza. Koplo aliyekuja kununua betri za redio akasema hapana, hicho ni Kikakwa, na mwimbaji anadai ng'ombe wake. Nilifurahi mno hata nikashindwa kusimama tuli. Mnaona? Kila mtu alisikia lugha ya mama yake. Ujumbe ulikuwa ndani ya masikio, santuri ilikuwa inakoroma tu.

"Wewe husikii kwa sababu umesoma," Wafula akasema. "Masikio yako yameziba."

"Na yako yana Kibukusu."

"Bora Kibukusu kuliko nta."

Kesi ya kwanza ngumu niliyoifumbua ilikuwa ya mwaka uleule. Mjue kwamba duka la santuri linalojiheshimu hutundika majalada matupu ukutani, na santuri zenyewe hukaa nyuma ya kaunta, zisiibiwe. Wenye duka walipoondoka kwa haraka, walioingia kabla ya Mama Zaituni walibeba santuri upande huu na majalada upande ule. Wafula alipozirudisha, hakuna aliyekuwa na uhakika ni ipi ya wapi. Kwa hiyo vijana wa chuo walinunua albamu ya roki yenye picha ya ngazi inayoishia hewani, wakakaa bwenini, wakaisikiliza wiki nzima. Wakarudi wamepagawa. Ndani, walisema, kuna mwanamke anayesema maneno taratibu, moja moja, kisha kimya, kisha neno lingine. Mmoja alikuwa ameandika nadharia ya kurasa kadhaa: kila neno ni daraja la ngazi, na kimya ni kifo.

Niliiweka kwenye gramafoni. Lilikuwa somo la Kigujarati kwa watoto. Mwanamke alikuwa anataja matunda.

Niliwaambia. Nilidhani watacheka. Yule wa nadharia alinitazama kwa huruma, akasema, "Hivyo ndivyo walivyotaka udhani." Akataka kununua nyingine.

Nilikuwa najigamba sana wakati huo, na Mama Zaituni aliniita Profesa ili kunipunguza. Lakini kulikuwa na wateja walionifunga mdomo. Kulikuwa na albamu yenye wanaume watano wamesimama mtoni, na majini kuna vivuli sita. Mji mzima ulikuwa na maelezo: wa sita ni mpiga ngoma aliyekufa na kufichwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja akaiomba. Kila mtu mtaani alijua mume wake alichukuliwa ofisini mchana na hakurudi. Mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kumwonyesha kwamba kivuli cha sita ni cha mti uliokatwa pembeni mwa picha.

"Najua ni mti, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Nifungie."

Nilimfungia. Tangu siku hiyo nilijifunza kuuliza kwanza kama mteja anataka jibu.

Sasa tuje kwenye matundu, maana najua ndiyo mnayoyasubiri.

Mzigo wa Ulaya ulipokatika, tulianza kupata santuri kwa njia ya Nairobi, kwa bwana mmoja aliyezileta kwenye maboksi ya maziwa. Majalada ya mzigo huo yalikuwa na tundu. Tundu dogo, la duara kamili, linaloingia penseli, kwenye pembe ya juu kulia. Wateja waliuliza. Mama Zaituni hakuwahi kushindwa na swali katika maisha yake.

"Hiyo ni alama ya original," akawaambia. "Kule kiwandani nakagua. Ikipita, natoboa."

Ilienea kwa siku chache. Chuoni walisema tundu ni jicho. Kwenye mabaa walisema santuri ya tundu haikwaruziki. Mimi sikulala. Bwana wa Nairobi aliporudi nilimbana hadi akacheka na kuniambia ukweli, na ukweli ulikuwa mtamu kuliko uvumi wote. Kule Amerika zilikotoka, albamu isipouzwa, kiwanda huitoboa jalada ili duka lisiweze kuirudisha kama mali mpya. Tundu lile lilikuwa la aibu. Vitu vyote tulivyokuwa tunaviabudu Kampala, ngazi, samaki, vivuli, ni vitu ambavyo Wazungu wenyewe walivikataa.

Nilikimbia kumwambia Mama Zaituni. Alikuwa anakula maandazi. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Nani najua hiyo?"

"Mimi na wewe, Mama. Na Nairobi."

"Basi iache Nairobi."

Kwa sababu tayari tulikuwa na shida ya aina nyingine. Wateja walikuwa wamekataa santuri zisizo na tundu. Mtu alishika albamu safi, mpya, iliyonunuliwa kihalali Ulaya na mwenye duka wa zamani, akaipapasa pembe, akairudisha. "Hii si original." Mama Zaituni akaangalia rafu nzima ya mali safi isiyotobolewa. Akamwangalia Wafula.

Wafula alitengeneza kibao kwa muda wa chakula cha mchana. Kilikuwa cha mninga, chenye ukingo wa kukaza pembe ya jalada na shimo la kuongozea keke, ile drili ya kuzungusha kwa mkono. Unatoa santuri, unapanga majalada kumi pamoja, unayabana, unazungusha keke taratibu ili kadibodi isichanike, unapuliza unga. Tundu zuri kuliko la Amerika. Nilimwambia huu ni uongo unaotobolewa juu ya aibu. Akaniambia nishike upande ule, majalada yanateleza.

Hivyo tuliishi kwa raha mpaka siku niliyotumwa Bwaise.

Mvua ilikuwa imejaza maji kule, na baa moja iliomba gramafoni yao iokolewe. Nilitembea kwenye maji ya magoti nikiwa nimeibeba kichwani. Niliporudi dukani jioni, nimelowa, nilikuta Mama Zaituni ametundika mali mpya katikati ya ukuta, majalada manne mfululizo ya albamu moja. Wazungu watano wamevaa makoti ya kijeshi ya zamani, ya mchezo wa kuigiza. Wanne wameketi. Wa tano, mnene, amesimama juu ya kiti, nishani zimemjaa kuanzia shingo hadi tumboni, kofia imemkaa kama sufuria. Kwa kuwa alisimama juu ya kiti, kichwa chake kilifika pembe ya juu kulia.

Tundu lilikuwa kwenye paji la uso, chini kidogo ya kofia. Kwenye majalada yote manne, mahali palepale.

Niliweka gramafoni chini polepole.

"Mama, hizo zitoe."

"Kwa nini? Iko original."

"Mwangalie huyo mtu. Mwangalie vizuri. Mnene. Nishani."

Aliangalia. Nilimwona akielewa ni mkubwa gani wa nchi anayefanana naye, kwa sababu mkono wake ulikwenda kwenye kilemba. Akapanda kiti mwenyewe kuzishusha. "Wafula, ngapi natoboa?"

"Kumi, Mama."

"Ngapi nauza?"

Wafula alihesabu kwa vidole. Alikuwa ameuza nusu yake.

Mjue jinsi habari inavyotembea katika mji usio na habari. Kabla ya wiki kwisha, watu waliingia dukani, wakaangalia ukuta, wakauliza, "Ile ya Jenerali ipo?" wakitazama viatu vyao. Wengine hawakutaka hata kuinunua. Walitaka kujua kwamba ipo. Chuoni walisema majalada hayo yamesambazwa nchi nzima, na kwamba pembe ya tundu inaonyesha saa. Saa ya nini, hakuna aliyesema. Mimi nilimweleza kila mmoja kwamba ni keke na kibao na pembe ya juu kulia. Walitikisa kichwa kwa heshima na kuondoka wakiwa na hakika zaidi.

Walipokuja wale wengine, watu wa usalama, hawakuuliza kama ipo. Walikuwa wawili, mashati ya maua, miwani nyeusi, viatu vya visigino virefu. Mmoja alikuwa na jalada lenyewe.

"Nani ametoboa?"

"Imetoka Ulaya hivyo, bwana mkubwa," Mama Zaituni akasema.

Yule mwingine alipitisha kidole kwenye meza ya Wafula, akakiinua. Kilikuwa cheupe kwa unga wa kadibodi. Kisha akaona keke.

"Ni mimi ndiye natoboa," Wafula akasema. Alisema kama mtu anayetaja jina lake.

"Wewe kabila gani?"

"Bukusu."

"Mkenya." Ikawa imetosha. Walimweka kwenye buti la gari pamoja na keke yake, mbele ya kila mtu, na barabara nzima ikaanza kupanga bidhaa zake kwa bidii sana.

Watu waliowekwa kwenye buti mchana walikuwa hawarudi. Hilo mlijue, kwa sababu nyinyi mlikuwa wadogo. Hapakuwa na mahakama ya kwenda wala mtu wa kumwandikia. Niliketi sakafuni. Mama Zaituni hakuketi. Alifunga duka, akavaa kilemba kipya, akaweka kwenye kikapu majalada aliyoyachukua rafuni bila kuchagua, kibao, na kuku mzima wa kukaangwa.

"Simama, Profesa. Nafika Makindye."

"Kwa nani?"

"Kwa Kapteni. Yeye mteja. Na ile gari iko yake."

Kapteni huyo aliishi katika nyumba ya vigae iliyoachwa na matajiri, juu kilimani, na nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na vyumba vya watumishi ambavyo havikuwa na watumishi tena. Alitupokea sebuleni. Alikuwa na radiogramu kubwa kama jeneza, na juu yake, kimepangwa vizuri, kile kilichonifanya nimtazame mara mbili: safu ya albamu. Alikuwa mpenzi wa roki. Alikula paja la kuku akiwa amesimama.

"Mama Zaituni. Huyu kijana nani?"

"Huyu Profesa yangu, afande. Nasoma mpaka kule juu."

"Ndio hao wanasema sisi hatujui kusoma." Akafuta vidole, akachukua jalada la Jenerali mezani, akanirushia. "Soma."

Nilikuwa nimetembea njia nzima nikipanga hoja, na nitasema ukweli, nilikuwa na hofu na wakati huohuo nilikuwa na msisimko wa ajabu, kama mtu anayeitwa kwenye mdahalo aliousubiri maisha yake yote. Nilipanga majalada ya kikapu mezani. Nikaomba kitu chembamba. Askari wa mlangoni akaleta spoki ya baiskeli. Nikayapanga pamoja na lile la Jenerali, nikayasawazisha pembe, nikapitisha spoki. Ilipita yote bila kugusa. Kisha nikayafungua moja moja: tundu kwenye sikio la mbwa. Tundu kwenye mwezi. Tundu kwenye shela la bibi harusi. Tundu kwenye mnara wa kengele. Tundu kwenye paji la Jenerali.

"Hakuna aliyempiga huyu risasi, afande. Alisimama tu mahali pa tundu."

Kapteni aliinama, akachungulia kibao, akakizungusha mkononi. "Kwa hiyo ninyi mna mtambo."

"Kibao tu, afande."

"Mtambo wa kutoboa vichwa kumi kwa mara moja." Hakuwa anacheka. Nikaona kosa langu: nilikuwa nimemthibitishia kwamba hakuna bahati mbaya. "Na nani aliamuru kutoboa?"

Mama Zaituni alisogeza kikapu.

"Wateja, afande."

"Wateja wanataka tundu?"

"Nataka original. Kama wewe."

Kapteni aligeuka kuitazama radiogramu yake. Alikwenda, akachukua safu nzima ya albamu zake, akaileta mezani, akaanza kupapasa pembe. Hii ina tundu. Hii ina tundu. Hii haina. Alichukua spoki mkononi mwangu, akaipitisha kwenye zile za tundu. Ilipita mpaka mwisho. Baadhi zilikuwa za Amerika na baadhi zilikuwa za Wafula, na hata mimi sikuweza kuzitofautisha.

Akanigeukia mimi, si Mama Zaituni. "Wewe umesoma. Sema ukweli. Hili tundu ni nini?"

Nyinyi mnanijua. Hakuna swali nililolipenda kuliko hilo, na jibu nilikuwa nalo, zuri, lenye ushahidi. Lakini fikirini pamoja nami. Nikisema ni alama ya mali iliyokataliwa, Kapteni amekuwa mjinga mbele ya askari wake, na Wafula ni mghushi. Nikisema halina maana, hataamini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuamini kwamba hakuna kisicho na maana. Nikisema ni njama, basi naye yumo, maana ana safu nzima nyumbani. Kulikuwa na mlango mmoja tu, na Mama Zaituni ndiye aliyeujenga.

"Ni alama ya ukaguzi, afande."

"Na hizi ambazo hazina?"

"Hizo hazijakaguliwa."

Neno hilo lilimwingia. Katika serikali ile kila kitu kilikaguliwa, hata mifuko ya wanawake sokoni. Alizitazama zile zisizo na tundu kwa namna ambayo hakuwa amezitazama kabla.

"Nani anakagua?"

"Wafula."

"Wafula yuko wapi?"

"Wewe ndio nakaa naye, afande," Mama Zaituni akasema.

Nilidhani tumekwisha. Kapteni aliweka spoki mezani. Kisha akapaza sauti kuelekea nyuma: "Lete yule Mkenya. Na keke yake."

Wafula aliingia akiwa na kiatu kimoja, jicho la kushoto limefungwa kabisa, shati limekauka damu ya pua. Walimwonyesha meza. Alitoa santuri zile moja moja, kwa ukingo, viganja vikiielekea, akazilaza juu ya kitambaa. Akapanga majalada kwenye kibao. Akashika keke. Kapteni alisimama juu yake kama mtoto anayemtazama kinyozi.

Wafula alipokuwa anakaza pembe, akasimama ghafla. Katikati ya rundo kulikuwa na albamu ya bendi ya jeshi, ya hapahapa nchini, na jalada lake lilikuwa na picha ya mkubwa mwenyewe, kofia na nishani, amejaa pembe hadi pembe. Wafula akatazama keke. Mimi nikatazama zulia. Hata Mama Zaituni alikuwa anaangalia kuku.

Kapteni alinyoosha mkono, akaichomoa ile moja, akaiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Hiyo ilishakaguliwa," akasema. "Endelea."

Keke ilizunguka. Unga ukadondoka kwenye zulia la watu. Kapteni alipapasa kila pembe, akaridhika, akatuambia twende, na kwamba kuanzia leo tutoboe pembe ya chini. Jalada la Jenerali alibaki nalo.

Tulishuka kilima cha Makindye kwa miguu, kila mmoja akiwa upande mmoja wa Wafula, Mama Zaituni akiwa amevua kilemba chake kipya kumshikia puani. Mimi sikuweza kunyamaza. Niliongea njia nzima. Niliwaambia hivi ndivyo uvumi unavyofanya kazi, kwamba keke isiyo na akili imegonga kadibodi na nchi nzima imeona risasi, kwamba nitaandika hayo yote siku moja.

"Opio," Wafula akaniita kwa jina langu. Midomo ilikuwa imevimba, ikabidi nisogee. "Kile kibao kinageuka."

"Kinageuka vipi?"

"Ukikigeuza kinatoboa pembe ya kushoto. Nilikitengeneza hivyo. Ikiwa picha ina kitu kizuri kulia, nakigeuza."

Nilisimama barabarani. Mama Zaituni aliendelea kutembea.

"Sikulenga," Wafula akasema. "Nilibana majalada, nikaona tundu litakapotua. Nikaona ni nani. Ningeweza kukigeuza."

"Na?"

"Sikukigeuza."

Asubuhi iliyofuata alipanda lori la ndizi kwenda Malaba na sikumwona tena, ingawa aliwahi kutuma salamu na kopo la sindano. Mama Zaituni alifungua duka kama kawaida na kunituma nifute vumbi. Nilichukua kitambaa, nikasimama mbele ya ule ukuta wa milango baharini na watoto wenye samaki na vivuli, vitu ambavyo nilikuwa nimewaambia watu miaka yote kwamba havina kitu ndani yake. Nikashusha jalada la kwanza, nikalipeleka kwenye mwanga wa mlango, kama mteja.